Kuliko Ni Neno la Mahali

Gasorwe, Muyinga
18 Januari 2026

Mwanangu Fabiano,

Niwie radhi. Barua yako ya mwezi wa Septemba niliipokea, nikaisoma, nikaiweka, na tangu hapo sikukujibu. Kalamu nilikuwa nayo na karatasi nilikuwa nazo. Sitakupa sababu, kwa kuwa sababu ambazo mtu huzitoa baada ya miezi minne huwa zimetungwa.

Sisi ni wazima. Mama yako mkubwa Lucia anakusalimu na anauliza kama mkeo Raissa bado anasumbuliwa na jino. Dada yako Vumilia amejifungua mtoto wa kike, wa pili, naye amempa jina la bibi yako, Anisia. Maharage yalinyeshewa mno, lakini mahindi yanatazamika. Shuleni, mkuu ameniletea msaidizi, Mwalimu Gaudensia, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Bujumbura. Anajitahidi. Darasa la Kiswahili la mwaka wa sita bado ni langu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, hao wachezaji wako wa Marekani. Uliandika hivi, nami nanukuu: "Ukubali ukatae, LeBron ni bora kuliko Jordan, na ni bora kuliko huyo Russell wako ambaye hata hukumwona akicheza." Ni kweli sikumwona. Nilisoma habari zake katika gazeti la Kifaransa pale misheni ya Kasulu, tulipokuwa ukimbizini, na mtu asomaye kwa makini huona zaidi ya atazamaye kwa kelele. Lakini kosa lako si hilo. Kosa lako ni neno kuliko.

Nilikufundisha kambini, naona umesahau. Ku- ni kiambishi cha mahali. -li- ni kitenzi kuwa. -ko ni rejeshi ya mahali. Kuliko maana yake ni pale kitu kilipo. Waliosema mara ya kwanza kwamba mlima huu ni mrefu kuliko ule walikuwa wamesimama mahali ambapo waliiona yote miwili. Russell aliacha kucheza mwaka 1969. LeBron alizaliwa mwaka 1984. Hawakupata kusimama katika uwanja mmoja hata kwa dakika moja. Kwa hiyo sentensi yako haina kosa la ngeli, lakini haina mahali pa kusimama.

Ukinilazimisha kumtaja mmoja tu, nitamtaja Russell. Alichukua ubingwa mara kumi na moja katika misimu kumi na mitatu, na wala hakuwa mfungaji mkubwa. Aliwafanya wenzake wafunge.

Barua hii anaibeba Radjabu, muuza vitenge wa soko la Muyinga, ambaye huja huko Gitega petroli ikipatikana. Mpe jibu yeye. Usinitumie ujumbe wa simu. Ule wa mwisho ulikuwa na neno "xaxa", nami sikuweza kuendelea.

Baba yako Mkubwa,
Kastori

Tena: mchezo huo unaitwa mpira wa kikapu. Basketi ni uvivu.


Gitega
24 Februari 2026

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia wiki iliyopita tu. Radjabu anasema alikaa Muyinga karibu mwezi mzima akisubiri petroli, na alipoipata, gari likaharibika. Jino la Raissa liling'olewa, sasa analalamikia la jirani yake. Watoto wazima. Mwambie Vumilia nimefurahi, na kwamba Anisia mdogo akirithi sauti ya bibi, mlima mzima hautalala.

Habari za kuliko nimezisoma, halafu nikawasomea wenzangu baada ya mazoezi, tumekaa chini uwanjani. Hamissi, kapteni wetu, akauliza: "Huyo mzee wako alikuwa avoka?" Nikamwambia hapana, si wakili, ni mwalimu. Akasema: "Basi ndo hatari zaidi."

Lakini sikubali, Baba Mkubwa. Kama ni hivyo, hatuwezi kumsifu mtu yeyote aliyetutangulia. Wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia kwamba mwalimu wako wa chuo kule Tanzania alikuwa bora kuliko walimu wote wa leo. Alisimama wapi na walimu wa leo?

Mimi naangalia jambo jingine. Jordan aliacha, akarudi, akaacha, akarudi tena, akaacha. LeBron ana miaka arobaini na mmoja na bado yumo. Amecheza upande mmoja na mwanawe wa kumzaa! Mtu anayeendelea wakati wenzake wote wameshakaa, huyo kwangu ndiye mkubwa. Mimi nina thelathini na minane tu. Magoti hayaniumi.

Halafu viongozi wa klabu yetu wameniuliza kama ningependa kuacha kucheza nifundishe vijana wa chini ya miaka kumi na sita. Nimewaambia nitafikiri. Wanataka jibu kabla ligi ya vijana haijaanza mwezi wa tano. Sioni haraka.

Huyo msaidizi wako anakusaidia nini hasa? Hukuwahi kutaka msaidizi. Kambini ulimfukuza hata yule wa kufuta ubao.

Mwanao,
Fabiano


Gasorwe
29 Machi 2026, Jumapili ya Matawi

Fabiano,

Salamu kwako, kwa Raissa na kwa watoto. Tumetoka kanisani sasa hivi. Lucia ana mafua. Mtoto wa Vumilia anakua, na kweli ana sauti.

Juzi nilipitia dukani kwa Radjabu kuulizia barua. Alikuwa anakunja vitenge pamoja na mkewe, Salama. Aliponiona alipaza sauti: "Mwalimu! Rachid yetu iko anacheza mubaya! Mubaya kabisa!" Rachid ni mtoto wa ndugu yake, kama ujuavyo, na mko naye timu moja. Nikampa pole. Nikamwambia kijana bado ana umri wa miaka ishirini na mmoja, atajifunza, asikate tamaa. Salama akaangua kicheko hadi akakaa juu ya robota la vitenge. "Mwalimu, mubaya ni muzuri! Anasema anacheza muzuri sana!" Hii ndiyo lugha ambayo watoto wangu huisikia wakitoka darasani.

Nikauliza: "Na Fabiano?"

Radjabu akaendelea kukunja. Salama ndiye aliyejibu. "Mwambie tu. We unaogopa nini?" Radjabu akasema: "Fabiano yako iko ku banc, Mwalimu. Tangu Noeli. Wanamuingiza mwishoni, kama tumeshashinda."

Umeniandikia kurasa mbili juu ya Jordan na LeBron na magoti, na hukuandika neno benchi. Sikulaumu kwa kukaa benchi. Nakulaumu kwa kuniachia nilijue mbele ya vitenge.

Sasa sikiliza. Nilisema kwamba kuliko linataka mahali pamoja. Wewe na Rachid mpo katika uwanja mmoja, saa moja, na mpira mmoja. Hapo neno hilo lina kazi yake halali. Rachid ni bora kuliko wewe. Naichunguza sentensi hiyo, na siioni kasoro. Kubali kazi ya kufundisha kabla hawajaacha kukuomba. Hicho ambacho wewe unakiita kuendelea, mtu wa nje hukiita kuziba njia.

Kuhusu mwalimu wangu wa chuo, hilo ni jambo jingine.

Kuhusu Mwalimu Gaudensia, ananisaidia kusahihisha madaftari.

Baba yako Mkubwa,
Kastori


Gitega
5 Mei 2026

Baba Mkubwa, shikamoo.

Safari hii petroli haina hatia. Radjabu amekuja Gitega mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia jibu haliko tayari. Nilikasirika. Raissa alinikataza kuandika nikiwa na hasira, akaificha kalamu.

Lucia amepona mafua? Hapa tumepanda viazi nyuma ya nyumba. Mtoto wetu mkubwa amefaulu mtihani wa Kirundi, wa Kifaransa tusiuongelee.

Baada ya barua yako nilimwomba Rachid tubaki uwanjani sisi wawili, wengine wakishaondoka. Nilitaka kujua kitu moja tu. Akaniuliza: "Kaka Fabiano, tunacheza ya kweli?" Nikamwambia ya kweli. Tukacheza. Alinifunga, nikamfunga, akanifunga mara tatu mfululizo. Sikuona aibu, kufungwa ni mchezo. Lakini kuna mpira mmoja nilimpita upande wa kushoto, nikaenda kufunga, na kwa pembe ya jicho nikamwona anapunguza mwendo. Angeweza kunifikia. Alipunguza kwa makusudi, kwa heshima, kama vile mtu anavyompunguzia mzee mwendo njiani. Mpira ukaingia. Rachid akapiga makofi. Sijawahi kufunga kikapu kibaya kama kile.

Magoti zangu, ukweli, yanauma tangu mwaka jana.

Kesho yake nilikwenda kwa viongozi nikawaambia nakubali. Hamissi alinikumbatia haraka mno. Walikuwa wakisubiri, wote.

Kwa hiyo ulisema kweli, na nakushukuru. Ila kuna jingine.

Vumilia alinipigia simu wiki iliyopita. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Amesema Gaudensia hakuletwa kusahihisha madaftari. Amesema mwezi wa Septemba mkuu wa shule alikuita ofisini, akakuomba umwachie binti huyo darasa la mwaka wa sita, wewe uwe unawaongoza walimu wapya kila Jumamosi. Amesema ulitoka bila kujibu, na tangu siku hiyo mnaingia wote wawili katika darasa moja. Wewe unafundisha, yeye anakaa nyuma, na mkuu anasubiri mwaka wa shule uishe. Septemba, Baba Mkubwa. Sasa naelewa kwa nini sikupata jibu miezi minne.

Nitasema kwa adabu. Wewe na Mwalimu Gaudensia mpo shule moja, darasa moja, kitabu kimoja. Nani ni bora kuliko nani? Mimi sijui, sijamsikia. Wewe je, umemsikia? Au umemkalisha nyuma tu? Mtu mwingine anasubiri mahali yako, kama Rachid alivyosubiri yangu.

Kama nimevuka mpaka unisamehe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno likishakuwa na maana moja kwa mtu mmoja, liwe na maana hiyohiyo kwa wote.

Mwanao,
Fabiano


Gasorwe
17 Mei 2026

Fabiano,

Barua yako ina makosa matatu. Si kitu moja, ni kitu kimoja. Si magoti zangu, ni magoti yangu. Si mahali yako, ni mahali pako. Mahali huchukua pa, na ndilo jina la pekee lenye ngeli hiyo, hivyo halina udhuru wa kusahauliwa.

Mengine uliyoyaandika nimeyasoma.

Umefanya vyema kukubali kufundisha. Lucia amepona.

Kastori


Gitega
31 Mei 2026

Baba Mkubwa, shikamoo.

Kitu kimoja. Magoti yangu. Mahali pako. Nimeyaandika upya hapa nyumbani, ukurasa mzima, kama ulivyokuwa ukitulazimisha. Mwanangu alinikuta akacheka sana. Akaniuliza nimefanya nini shuleni.

Ya Vumilia sitayarudia. Nataka nikueleze ya kwangu.

Nina vijana kumi na wanne. Siku ya kwanza niliwapanga mstari, nikawapa mpira, na kila aliyekosea nilimfokea, palepale, mbele ya wenzake. Nilisikia sauti yangu nikajua nimeitoa wapi: ni yako, ile ya kambini. Hakuna ubaya, sauti ile ndiyo iliyonifanya niandike barua ambayo mtu anaweza kuisoma. Wakanyamaza wote. Nikajiambia, naam, wananiheshimu. Wiki ya pili tukacheza mechi ya majaribio na vijana wa Buraza. Wangu walipasiana, wakapasiana, wakapasiana. Hakuna aliyerusha mpira kwenye kikapu. Kila mmoja akiupata anageuka kunitazama mimi. Tulifunga pointi sita. Watoto wa Buraza walikuwa wanarusha ovyo kutoka kila kona, wanacheka, na walifunga thelathini.

Nikamwuliza mmoja wa vijana wangu: "Kwa nini hukurusha? Ulikuwa peke yako!" Akanijibu: "Nilikuwa sijawa na uhakika, Kocha."

Sijui la kufanya bado. Sasa naficha mdomo kwa kiganja wanapocheza, Hamissi anasema naonekana kama mtu mwenye jino bovu.

Halafu nimesoma juu ya Russell wako. Hukuniambia kwamba misimu yake mitatu ya mwisho alikuwa mchezaji na pia kocha wa timu hiyohiyo, na katika hiyo mitatu akachukua ubingwa mara mbili. Nimemwambia Hamissi kwamba nakuachia ushindi: Russell. Usifurahi sana. Nimesema Russell kwa sababu hiyo ya ukocha, si kwa sababu ya viambishi.

Nina ombi, na ukikataa sitauliza tena. Nilipokuwa benchi, tangu Noeli, nilimtazama Rachid akicheza mechi nzima. Ni kutazama kule kulikonifungua macho, kabla hata hatujabaki wawili. Siku moja kabla ya likizo, mpe Mwalimu Gaudensia chaki. Kaa nyuma wewe. Usiseme neno.

Raissa anawasalimu. Anisia mdogo mpigieni busu.

Mwanao,
Fabiano


Gasorwe
21 Juni 2026

Mwanangu Fabiano,

Salamu kwenu nyote. Huku tumeanza kuvuna maharage, na safari hii hayana lawama. Lucia amenunua mbuzi bila kuniuliza. Ni mbuzi mzuri, kwa hiyo sina la kusema.

Jumanne nilimpa Mwalimu Gaudensia chaki. Alidhani nataka afute ubao. Nilipomwambia afundishe, akaniuliza: "Sasa hivi, Mzee?" Nikamwambia ndiyo, sasa hivi, nikaenda kukaa dawati la mwisho, karibu na dirisha. Dawati hilo ni fupi. Sikujua kwamba ni fupi hivyo.

Alifundisha ngeli ya ki-vi. Hakuanza na jedwali, jambo ambalo mimi nisingelifanya. Aliwataka watoto wataje vitu vilivyomo jikoni kwao. Wakataja kisu, kijiko, kikombe, kinu, chungu, wakapaza sauti, wakakatizana. Mmoja akasema kisufuria, na darasa zima likabishana kama neno hilo lipo. Nilitaka kusimama. Sikusimama.

Kisha akamgeukia msichana mmoja, Swabra, ambaye hakuwa na kitabu. Akamwambia: "Na we, Swabra, kitabu yako iko wapi?"

Ndivyo alivyosema. Mwalimu wa Kiswahili, mbele ya ubao, siku ya somo la ki-vi. Nilishika ukingo wa dawati.

Swabra akajibu: "Kitabu changu kipo nyumbani, Mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu Gaudensia akaweka mkono kinywani, kisha naye akacheka, akasema: "Mumesikia? Amenikamata. Kitabu changu kipo. Aniandikie ubaoni." Swabra akaenda mbele, akaandika, bila kosa, kwa mwandiko mbaya.

Mtoto huyo nimemfundisha tangu Septemba. Sikuwa najua sauti yake. Katika darasa langu mtoto huinua mkono akiwa na hakika, na nilikuwa nikiuona utulivu huo kuwa ni elimu. Kwa Gaudensia wanainua mikono kabla hawajajua watasema nini. Wanakosea sana. Nilianza kuhesabu makosa, nikaacha, kwa sababu niligundua kwamba wanakosea kwa sentensi ndefu. Kwangu hawakosei, lakini sentensi zao zina maneno matatu.

Kosa lake la "kitabu yako" sikumwambia, wala siku ile wala baadaye. Umri wangu ni miaka sabini na mmoja, na sikumbuki kosa jingine ambalo nimewahi kuliacha lipite.

Usiharakishe kusherehekea. Hajui rejeshi. Amba- anaitia kila mahali kama chumvi. Wanafunzi wake wakifika mwaka wa tisa bila rejeshi, nani atawafundisha? Akifundishwa yeye, atawafundisha. Hilo nimelifikiria. Jumamosi zinatosha kwa rejeshi, na wapo walimu wapya wengine watatu wenye hali hiyohiyo au mbaya zaidi.

Upande mwingine ni huu. Nimeshika darasa la watoto tangu nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, Tanzania, kambini na hapa. Kila asubuhi huamka nikijua ni watoto gani watakaosimama niingiapo. Walimu wazima hawasimami. Lucia nilipomweleza hayo alisema: "Basi mimi nitasimama, ukinywa chai." Alikuwa anatania, lakini hakuwa anatania sana.

Mkuu wa shule anataka jibu kabla ya likizo. Nimemwomba wiki moja, naye amenipa mbili, jambo lililoniudhi, kwa kuwa alijua moja haitanitosha.

Sijaamua. Sitaki uniandikie ushauri, kwa kuwa wa kwako ninao tayari, na ni mzuri. Nitakapokuwa nimeamua nitakuandikia. Mkuu wa shule atasubiri hadi barua hiyo iwe imeondoka hapa. Wewe ndiwe utakayejua kwanza.

Baba yako Mkubwa,
Kastori